Sifuri tisa

"Ukifika kwenye kisanduku cha namba ya mzazi, weka sifuri tisa."

Aliyeniambia hivyo alikuwa kijana wa miaka 18, mzaliwa wa Oakland, California, ambaye baba na mama yake walitoka Michoacán, Meksiko. Ilikuwa Novemba 2019, tumekaa maktaba ya chuo, naye ananieleza alivyojaza FAFSA, fomu ya kuomba ruzuku na mkopo wa serikali kuu ya Marekani. Yeye ni raia, haki ni yake. Wazazi wake hawana makaratasi, kwa hiyo hawana namba ya Social Security, ile ya kumtambulisha mtu serikalini, na kwa utaratibu wa wakati ule asiye na namba hiyo hakuweza kusaini kwa kompyuta. Basi akaweka sifuri tisa mfululizo, akachapa ukurasa wa saini, mama akausaini kwa kalamu jikoni, ukaenda kwa posta. Baba yake aliigomea fomu ile wiki tatu nzima. Swali lake lilikuwa moja: ikishafika huko, nani mwingine ataisoma?

Mimi nilikuwa mwanafunzi mwenzake, mtu wa Tanga, miaka 27, niliyeingia Marekani katikati ya mwaka 2018 kwa bahati nasibu ya grinikadi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha sita na kazi ya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ndugu wengi huniuliza nilifikaje chuo kikuu na maisha yale. Siwezi kulijibu swali hilo bila kuwataja hawa vijana wa Kilatino, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, maana njia niliyopita ni wao walionionyesha.

Nilikaribia kukosea kabla hata sijaingia darasani. Nilipokwenda kujiandikisha chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili ambacho mtu huweza kuvuka kutoka humo kwenda chuo kikuu, dirishani nikaandikiwa ada ya mtu asiye mkazi wa jimbo, ambayo ni mara kadhaa ya ile ya mkazi. Nilikuwa tayari kukopa. Aliyenizuia ni mwenzangu wa zamu, mama wa Kisalvador aliyekuwa akifanya usafi, ambaye binti yake alishapita huko. Akaniambia subiri utimize mwaka mmoja na siku moja, uwe na vielelezo kuwa umehamia kweli, ndipo uende. Mkazi hulipa dola 46 kwa uniti, na mwenye kipato kidogo husamehewa hata hizo. Nikasubiri mpaka Agosti 2019. Mpaka leo huwa nawaza ni wangapi waliolipa ile ada kubwa muhula mmoja, wakaishiwa, wakajiona hawafai kusoma.

Binti wa mama yule ndiye aliyenipeleka Puente. Jina hilo kwa Kihispania ni daraja. Mpango wenyewe ulianza mwaka 1981 pale Chabot College, mjini Hayward, ukianzishwa na Felix Galaviz na Patricia McGrath, kwa kuwa vijana wa Kilatino walikuwa wakiingia vyuo vya jamii kwa wingi na wachache mno wakivuka kwenda chuo kikuu. Mnasoma uandishi wa Kiingereza pamoja, watu walewale mihula miwili. Mna mshauri mmoja anayewajua kwa majina. Na kila mmoja anapewa mtu mzima wa mtaani, mwenye kazi yake, wa kumshika mkono. Vitabu vingi ni vya waandishi wa Kilatino, ila mlango uko wazi kwa yeyote. Darasani kwetu Mwafrika nilikuwa peke yangu.

Insha ya kwanza tuliambiwa tuandike kazi za nyumbani kwetu. Nikaandika mkonge. Babu yangu alitoka Kigoma kuja Tanga kukata mkonge, na watu wa namna yake waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na kitabuni kwa msimamizi ilihesabiwa namba. Nilipokuwa natafuta maelezo, nikakuta jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani: mkonge wenyewe asili yake ni Meksiko. Uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na sisal, jina lake la Kiingereza, ni jina la bandari ya Yucatán, huko huko Meksiko. Nilikua nimezungukwa na mmea wa kina hawa vijana bila kujua.

Nilipomaliza kusoma, darasa likawa kimya. Kisha msichana mmoja aliyezoea kukaa nyuma, mtoto wa mchuma matunda, akasema polepole: "Baba yangu hata namba hana."

Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Aliletwa Marekani mwaka 2005 akiwa na miaka minne. Alikuwa na sifa zote za DACA, ule mpango wa Juni 2012 uliowalinda wasifukuzwe vijana walioletwa utotoni. Nyumbani walikuwa wakidunduliza ada yake, dola 495, huku wakibishana kama ni salama kuipa serikali anwani yao. Septemba 2017 mlango ukafungwa kwa waombaji wapya, kibubu kikiwa bado hakijajaa. Sasa nifikirie mimi na yeye darasa moja, alama zake zikizidi zangu. Mimi mwenye mwaka mmoja na ushee nchini, kwa ile kadi tu, nilistahili ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, ambayo mwaka ule kiwango chake cha juu kilikuwa dola 6,195. Tena nilishapita miaka 24, kwa hiyo sikuulizwa habari za wazazi. Yeye aliyesoma California tangu chekechea hakuruhusiwa hata kuomba. Jambo hilo liliniuma sana, na bado linaniuma.

Kilichomwokoa ni sheria za jimbo. AB 540 ya mwaka 2001 inamruhusu aliyesoma sekondari ya California miaka mitatu na kuhitimu alipe ada ya mkazi hata kama hana makaratasi, na California Dream Act ya 2011 ikaongeza msaada wa fedha za jimbo kwa fomu yake ya pembeni. Shida ni kuzijua. Yeye aliambiwa na mshauri wa Puente, Oktoba, wakati tayari amelipa muhula mzima kwa hela ya kusafisha nyumba za watu. Na si kila jimbo lina mlango huo. Texas ndiyo iliyotangulia mwaka 2001, lakini Juni 2025 sheria yake ilisimamishwa mahakamani.

Machi 2020 ikaja korona. Wazazi wa wenzangu walikuwa wapishi, wachuma mboga, wasafisha hospitali. Hapakuwa na wa kufanyia kazi nyumbani. Nyumba moja, familia mbili, watoto watano shuleni na kompyuta moja. Yule kijana wa sifuri tisa alihudhuria darasa la takwimu kwa simu, ndani ya gari la baba yake, ameegesha nje ya mgahawa apate intaneti. Baadaye baba alipougua, akaacha masomo akaingia ghala la vyakula. Hatukumlaumu. Kwao mtoto mkubwa anapoona chakula kinapungua hasubiri kuambiwa, na mimi mwenye wadogo wanne Tanga nalijua hilo.

Tuliobaki tulikutana kwa simu kila Jumapili saa tatu usiku, kabla sijaingia zamu. Tulikuwa na daftari moja la tarehe: Septemba ni maombi ya kuhakikishiwa nafasi kwenye kampasi sita za Chuo Kikuu cha California, Novemba 30 ilikuwa mwisho wa maombi yenyewe, Machi 2 ilikuwa mwisho wa kuomba misaada ya jimbo. Kila somo tulilikagua kwanza kama linahesabiwa huko tuendako, kwa sababu kaka wa rafiki yangu alimaliza mihula minne kwenye hesabu za chini zisizohesabiwa popote, akakata tamaa. Mimi nilichagua Cal State East Bay, chuo kikuu kingine cha jimbo: basi moja kutoka nyumbani, kazi naendelea nayo. Wapo walioniambia ningelenga mbali zaidi. Nilijua mwili wangu na mshahara wangu.

Rafiki yangu alihakikishiwa nafasi Merced, moja ya zile kampasi sita. Baba yake akakataa: binti hatakiwi kulala nje ya nyumba kabla hajaolewa.

Mama yake akanialika chakula Jumapili, pozole, supu ya Kimeksiko ya mahindi na nyama, nikajua nimeitwa kwa sababu. Aliniita mija, binti yangu, tangu siku ya kwanza. Baba alikaa mwisho wa meza, ananiangalia. Sikumhubiria umuhimu wa elimu, maana alikuwa anaujua kuliko mimi. Aliacha kijiji kwa ajili hiyo. Nilimweleza kwamba kwetu ukichaguliwa kidato cha tano, serikali inaweza kukupangia shule mkoa wa mbali, na mzazi anakununulia tranka la bati na kufuli, anakusindikiza stendi. Binti yake akawa anatafsiri. Baba akauliza, huko nani alikuwa anakuangalia? Nikamwambia kuna matroni, na kuna wenzako, na mama yangu alilia stendi siku ile kisha akarudi nyumbani akauza vitumbua apate nauli yangu ya likizo. Akauliza tranka linafananaje. Nikamchorea nyuma ya bahasha.

Aprili 2022 tulikwenda Merced, saa mbili kwa gari, baba yake akiendesha bila kusema neno. Ile ndiyo kampasi changa kuliko zote za Chuo Kikuu cha California, ilifunguliwa 2005 katikati ya mashamba, na zaidi ya nusu ya wanafunzi wake ni Walatino. Tulipofika bwalo la chakula akatuacha, akamfuata mama mmoja aliyekuwa akipakua wali. Wakazungumza Kihispania kirefu. Aliporudi alisema tu kwamba mama yule anafunga bwalo saa ngapi na anakaa mtaa gani.

Nilihitimu 2024. Mwanzoni mwa mwaka huo fomu mpya ya FAFSA ilikuwa inawakwamisha wazazi wasio na namba ya Social Security mpaka Machi, na Jumamosi nilikuwa nakaa na familia maktaba, tunajaribu tena na tena. Jumamosi moja aliingia kijana wa sifuri tisa, kofia ya ghala kichwani, amemleta mdogo wake.

Rafiki yangu yeye alihamia Merced Agosti 2022. Baba alimpeleka kwa pikapu. Nyuma, juu ya magodoro, kulikuwa na tranka jeusi la bati alilolitafuta gulioni wiki tatu, na kufuli mbili.