Siku moja maishani mwangu: napima resini, sing'oi meno

Saa kumi na mbili alfajiri niko kituoni Mbagala nagombea daladala. Saa mbili kasoro nimeshafungua maabara. Nikisema napima vifaa vya meno, watu wananionyesha magego yao. Jamani, sing'oi. Ile resini nyeupe ambayo daktari anakuzibia jino kisha anaimulika kwa taa ya bluu, mimi ndiye naangalia kama imekauka kweli au inajifanya.

Saa mbili nahakiki mashine ya kupima ugumu kwa kipande cha chuma chenye ugumu unaojulikana, halafu natoa sampuli kwenye inkubeta. Ni visahani vya unene wa milimita 2, vimelala saa 24 ndani ya maji, gizani, nyuzi 37 kama joto la mwili. Lazima vilale, maana resini huendelea kukaza hata taa ikishazimwa.

Saa tatu hadi saa tano ni kulainisha visahani: msasa na maji, msasa na maji.

Saa tano akaingia daktari mwenye taa. Jana alituletea resini na taa yake tumpimie, leo kaja kusimama begani kwangu.

"Mdogo wangu, si unabonyeza tu? Dakika tano."

Ndiyo, nabonyeza. Ncha ya almasi yenye umbo la piramidi, uzito wa gramu 300, sekunde 15. Inaacha alama ya mraba ambayo kwa macho huioni. Naitafuta kwenye hadubini, napima ulalo wake mmoja, yaani kona hadi kona, kisha wa pili. Alama tatu juu, tatu chini, kisahani baada ya kisahani. Na leo jirani wanajenga: mashine ya kushindilia kifusi ikipita, picha inacheza, alama inaharibika, nasogea pembeni naanza upya. Daktari anaguna.

Upande wa juu, ulalo ulikuwa wastani wa maikroni 96 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), yaani ugumu 60 kwa kipimo cha Vickers, ambacho alama ikiwa ndogo ugumu ni mkubwa. Akatabasamu. Nikageuza. Chini maikroni 126, ugumu 35. Hiyo ni asilimia 58 ya juu, na sisi tunataka walau 80. Andazi limeiva juu, ndani bichi.

"Andika ile ya juu," akasema.

"Siwezi, daktari."

"Nimeziba meno wewe bado unanyonya."

Sikubishana. Nilichukua taa yake nikamwonyesha ncha: utando wa resini ya zamani umeganda, umeshakuwa kahawia. Mwanga wa bluu, wenye urefu wa wimbi karibu nanomita 470, ndio unaoamsha resini ikaze. Ukizibwa njiani, juu panapata wa kutosha na chini panaambulia makombo. Daktari akigonga kwa chuma anasikia jiwe, kumbe chini ni laini. Baadaye jino linavujia chini ya kizibo, mgonjwa anarudi analia, anaambiwa anapenda sana kutafuna mifupa.

Akanyamaza. Akaomba pamba na spiriti, akafuta, utando haukutoka, ikabidi akwangue polepole. Tukatengeneza visahani vipya, sekunde 20 kila kimoja, nikaviingiza kwenye inkubeta. Majibu kesho. "Kesho tena?" Kesho tena. Akaondoka na taa yake.

Mchana sijui niseme ulikwendaje. Nilikula wali maharage nimesimama, nikarudi kwenye hadubini mpaka miraba ikawa miwili miwili na shingo ikakataa kugeuka. Ripoti nilituma jua likiwa linashuka, namba za juu na za chini zote zimo.

Simu yake ilinikuta Barabara ya Kilwa, nimening'inia mlangoni.

"Mdogo wangu, jioni hii nina wagonjwa. Nifanyeje?"

"Weka tabaka nyembamba, daktari, milimita moja moja. Kila moja mulika sekunde 40."

"Arobaini! Na watu wamejaa hapo nje?"

"Arobaini, daktari."