Stabat Mater mbele ya Fahali wa Farnese

Wanakwaya wenzangu wa hapa Mtwara wamekuwa wakinitania tangu niliporudi kutoka Italia kwamba nilipelekwa kujifunza mashine za kubangulia korosho nikarudi na habari za fidla. Utani huo una ukweli wake, kwa sababu mambo ya mashine niliyaandika kwenye ripoti ya kiwanda yakaishia hapo, ilhali jioni niliyokaa kwenye kiti cha kukunja ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Napoli ndiyo ninayoulizwa kila tunapomaliza mazoezi. Naiandika hapa ili nisiendelee kuisimulia vipande vipande.

Mafunzo yenyewe yalifanyika kaskazini, na yalipomalizika niliteremka hadi Roma kumsalimia padre kijana wa kwetu, mzaliwa wa upande wa Masasi, ambaye yuko masomoni huko. Nilikuwa nimepanga kuliona Kanisa la Mtakatifu Petro kisha nifungashe. "Dada, Mtakatifu Petro utamwona asubuhi," aliniambia baada ya Tumsifu Yesu Kristo na habari za nyumbani, "lakini wewe ni mwimbaji wa sauti ya pili, na kesho jioni kule Napoli wanaimba Stabat Mater ya Pergolesi ndani ya makumbusho. Ukiikosa hiyo, usije kwangu kuungama." Treni ya mwendo kasi hutoka Roma hadi Napoli kwa muda unaozidi saa moja kidogo tu, kwa hiyo sikuwa na kisingizio.

Wasomaji wasio Wakatoliki wanivumilie kidogo. Stabat Mater ni utenzi wa Kilatini wa Zama za Kati, wenye beti 20, unaomweleza Bikira Maria akiwa amesimama chini ya msalaba, na Wakatoliki wengi wa kusini wanaujua kwa namna fulani hata kama jina lake hawajawahi kulisikia, kwa kuwa beti zake ndizo zinazoimbwa Ijumaa za Kwaresima tunapotoka kituo kimoja cha Njia ya Msalaba kwenda kingine. Watunzi wengi wameutilia muziki. Giovanni Battista Pergolesi, aliyezaliwa Jesi mwaka 1710 na kusomea muziki Napoli, alitunga wa kwake mwaka 1736 akiwa mgonjwa wa kifua kikuu katika nyumba ya watawa Wafransisko huko Pozzuoli, karibu na Napoli, na akafariki mwaka huohuo akiwa na miaka 26. Aliandikia waimbaji wawili tu, soprano (sauti ya kwanza) na alto (sauti ya pili), pamoja na vyombo vya nyuzi na kinanda, akaugawa utenzi katika vipande 12. Hakuna sauti za kiume, yaani tena na besi, hakuna tarumbeta, hakuna ngoma.

Jengo la makumbusho lilianza mwishoni mwa karne ya 16 kama kambi ya askari wa farasi, baadaye likawa chuo kikuu, kisha wafalme wa nasaba ya Bourbon wakalijaza vitu kutoka pande mbili: vile vilivyofukuliwa Pompeii na Herculaneum, miji iliyofukiwa na mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 BK, na vile vya ukoo wa Farnese ambavyo Mfalme Charles alivirithi kutoka kwa mama yake. Tuliingia mapema ili tuzunguke kabla ya muziki. Sitaeleza kila chumba, kwa maana baada ya vyumba vichache macho huchoka na sanamu za marumaru huanza kufanana zote.

Kilichonisimamisha ni vyombo vya muziki vya Pompeii. Kuna baragumu za shaba zilizopindwa zikazunguka bega la mpigaji, kuna filimbi za mfupa, na kuna sistrum, kifaa cha kushikwa mkononi ambacho waabudu wa mungu wa kike Isis walikitikisa katika ibada zao. Ni fremu ya shaba yenye vijiti vinavyopita katikati yake, na ncha za vijiti hivyo zimekunjwa ili visichomoke. Fundi aliyezikunja alijua kwamba mtikisaji hatakuwa na huruma. Mtu wa Mtwara hahitaji kuelezwa kazi ya kitu hicho, kwa sababu njuga za miguuni mwa wachezaji wa Kimakonde hufanya kazi ileile. Tofauti ni kwamba kule hakuna ajuaye ilitikiswa kwa mdundo gani, ilhali hapa kwetu, ukienda kwenye tamasha la MaKuYa wakati ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao zinapokusanyika, utawakuta wapigaji wakizipasha moto ngoma zao ili ngozi zikaze, na ukiuliza mdundo utachezewa palepale.

Onyesho lilifanyika katika ukumbi wa sanamu za Farnese, ghorofa ya chini. Viti vilipangwa mbele ya sanamu kubwa inayoitwa Fahali wa Farnese, na wapigaji wakakaa kwenye jukwaa la mbao lililoinuliwa kidogo tu, mgongo wao ukiielekea sanamu. Joto lilikuwa kali, na kwa sababu ya joto hilo wapigaji wa fidla walikuwa wakizirekebisha nyuzi karibu kila baada ya vipande viwili. Mlinzi wa ukumbi alikaa kwenye kigoda kando ya sanamu ya Herakles, shujaa wa hekaya za Wagiriki, yenye urefu wa zaidi ya mita 3, rundo la funguo mapajani, akafumba macho tangu noti ya kwanza. Sikuweza kujua kama alikuwa anasikiliza au anasinzia.

Kipande cha kwanza ndicho nitakachokisema kwa urefu, kwa sababu ndicho kilichonikamata. Chini kuna besi ya fidla kubwa inayotembea hatua kwa hatua bila kusimama. Juu yake fidla ya kwanza na ya pili zinapandana: moja inashika noti, nyingine inaingia jirani kabisa na noti hiyo, zinasuguana kiasi cha kuumiza sikio, kisha moja inateremka na maumivu yanatulia, lakini kabla hujapumua mwenzake ameshapanda juu yake tena. Waimbaji wanapoingia wanafanya vivyo hivyo kwa midomo. Kwa wanaoimba alto nyumbani, fikirini ile sehemu ambayo mwalimu hutukemea kwamba tumeibiwa na soprano; Pergolesi amewaweka soprano na alto mahali hapohapo pa hatari, akawaamuru wasiachiane. Mwimbaji wa alto alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani aliyesimama miguu imeachana kidogo, na kila msuguano ulipofika aliinamisha kichwa upande mmoja, akaishikilia noti yake mpaka mwenzake aliposalimu amri.

Ukumbi nao ulikuwa unaimba. Marumaru na dari ya juu vilikuwa vinairudisha kila sauti baada ya sekunde kadhaa, na wapigaji walilijua hilo, kwa hiyo mwisho wa kila kipande waliinua pinde wakangoja ukumbi umalize ndipo wakafunua ukurasa. Katika vipande vya polepole faida ilikuwa kubwa, kwa sababu noti iliyopita ilikutana na noti iliyopo na ule msuguano niliousema ukawa mzito zaidi. Katika vipande vya haraka, kusema kweli, ilikuwa vurugu: maneno yalimezwa, kinanda hakikusikika, na waliokaa nyuma ya nguzo hawakuona wala kusikia kwa ukamilifu ilhali walilipa sawa na sisi.

Sasa nirudi kwa huyo fahali. Kabla ya onyesho nilikuwa nimempita kwa haraka ya mgeni: sanamu kubwa mno, watu wengi, mnyama mmoja, twende mbele. Ilifukuliwa Roma katika karne ya 16, kwenye magofu ya mabafu ya Kaizari Caracalla, na inawaonyesha ndugu wawili, Amphion na Zethos, wakimfunga Dirke kwenye pembe za fahali kwa sababu alikuwa amemtesa mama yao. Muziki uliponilazimisha kukaa, macho yangu hayakuwa na mahali pengine pa kwenda. Niliona kwamba fahali hajatulia, kwato zake za mbele ziko hewani. Niliona mbwa akiruka chini kana kwamba ni mchezo. Nilimwona mama yao, Antiope, amesimama nyuma kabisa, wima, haingilii jambo, na wakati huohuo waimbaji wawili mbele yangu walikuwa wakiimba habari za mama mwingine aliyesimama akitazama mateso, ila huyo ya mwanawe. Sijui kama waandaaji waliupanga mkutano huo au ulitokea wenyewe.

Padre ndiye aliyenionyesha kinubi. Wakati wa mapumziko, wapigaji walipokuwa wakirekebisha tena nyuzi zao, aliniinamia akasema, "Mtazame Amphion, kinubi chake kiko hapo karibu naye. Huyo ni mwanamuziki." Akanisimulia hekaya ya Wagiriki kwamba ndugu hao walipojenga kuta za mji wa Thebai, Zethos aliyabeba mawe kwa mabega, lakini Amphion alipiga kinubi na mawe yakasogea yenyewe yakapandana. Nilimjibu kwamba mtu huyo anatakiwa Mikindani haraka, kwenye zile nyumba za mawe ya matumbawe zinazomomonyoka, na mama mmoja wa Kiitaliano wa safu ya mbele akageuka kutuangalia kwa jinsi tulivyocheka.

Hilo ndilo ninalowaambia wenzangu. Makumbusho mengi, ya huko na ya kwetu, yanamtaka mgeni atembee: maelezo yamebandikwa ukutani, mshale unaonyesha njia, mwongoza wageni ana kundi jingine linalongoja nje. Muziki unamweka mtu chini na kumkabidhi kitu kimoja kwa muda mrefu kuliko ambao angejipa mwenyewe. Kibandiko nilikisoma na nimekisahau, lakini kwato za yule fahali nakumbuka zilivyo.

Kuna jambo ambalo mtu wa Kusini hawezi kulikwepa akiwa ndani ya jengo la namna hiyo. Sanamu ile ilitoka Roma ikaletwa Napoli mwaka 1788 kwa kuwa mfalme alikuwa mrithi wake, na leo Warumi wakiitaka wanapanda treni. Mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ya Tendaguru, iliyochimbwa mkoani Lindi na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913 na kubebwa vichwani na wazee wetu hadi pwani, iko Berlin, ambako mmoja amesimamishwa kwa urefu wa zaidi ya mita 13, na kwetu sisi hakuna treni ya saa moja. Padre aliniambia amekwenda kumwona. Nilimuuliza alijisikiaje, akasema alijisikia kama mtu aliyemkuta mjomba wake katika nyumba ya watu.

Niliporudi nilimweleza mwalimu wetu wa kwaya kwamba tungeweza kufanya kitu cha aina hiyo huku. Yeye ni mtu wa kupima mambo, akaanza kuuliza: wapi? Nilitaja Kilwa Kisiwani, ambayo imo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na ambayo Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331. Alitikisa kichwa. Chini ya kuba za Msikiti Mkuu sauti ingekuwa nzuri bila shaka, lakini msikiti ni msikiti hata ukiwa gofu, na wenye haki ya kupaza sauti mle ni watu wa kaswida na maulidi, si kwaya ya Parokia. Alisema angelipa nauli kwenda kuwasikiliza. Nikataja Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lenye birika la pembe nane. Akanikumbusha kwamba halina paa, na kwamba upepo wa kusi ungechukua sauti zote mbili kabla hazijasuguana. Katika hilo ana haki: kilichoibeba Stabat Mater kule Napoli ni dari.

Tukabaki na Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, ambalo sasa ni hoteli na lina ua wenye kuta nene. Hapo hakuna anayekatazwa kuimba, na kutoka mjini ni safari fupi ya daladala. Mwalimu alikubali tujaribu kipande cha kwanza tu, kinanda kishike sehemu ya fidla, na kabla yake wapigaji wa ngoma wa Mikindani watangulie, kwa kuwa wao ndio wenyeji na haitakuwa adabu kuanza sisi.

Ameshaandika nota za kipande hicho kwa do-re-mi ubaoni, soprano juu na alto chini, na Jumatano iliyopita tuliuimba mstari wa kwanza mpaka ile sehemu ya kusuguana, ambapo alto wote tulihamia kwa soprano. Tutarudia. Tatizo kubwa zaidi liko safu ya nyuma, ambako tena na besi wamegundua kwamba Pergolesi hakuwaandikia hata noti moja, na mwenyekiti wao ameomba suala hilo liingizwe kwenye ajenda ya kikao cha kwaya.