Chokaa ya nini? Vayoleti za uani hazipimi asidi

Huku Marekani mtu wa chokaa anataka dola 240 amwage chokaa uani kupunguza asidi, eti vayoleti, yale magugu mafupi ya maua ya zambarau, zimeota kwa hiyo udongo una asidi! Hela hiyo kule Kongwa, Dodoma, unalimisha kwa trekta na mbegu ya alizeti unanunua. Na hiyo asidi hakuna aliyeipima.

Vayoleti ya porini, ua rasmi la jimbo la Illinois, inaota penye asidi na pasipo na asidi. Inachokueleza ni kwamba pana kivuli, unyevu unakaa, na mara nyingi udongo umeshindiliwa. Nyumba ikijengwa, mashine hukwangua udongo wa juu na kukandamiza mfinyanzi uliobaki. Mizizi ya nyasi inakosa hewa, nyasi zinapungua, vayoleti inajaza pengo. Mkulima wa Mpwapwa akiona kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, kimetapakaa kwenye mtama anajua shamba limechoka, linadai samadi. Anasoma shamba, hakisii.

Pima mwenyewe. Siku moja baada ya mvua, choma bisibisi ndefu ardhini; ikigoma kabla ya sentimita 10, pameshindiliwa. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakinywewa jaza tena: yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, maji hayapiti vizuri. Asidi ni kazi ya maabara. Chota udongo sehemu kadhaa, kina cha sentimita 10 hadi 15, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki. Chokaa ikizidi, mimea inashindwa kupata madini ya chuma na majani yanageuka njano.

Septemba kodi mashine ya kung'oa vipande vidogo vya udongo ili hewa ipite, tandaza mboji nusu sentimita, punguza matawi jua liingie, na nyasi usizikate chini ya sentimita 8. Vayoleti ichimbue kwa uma pamoja na lile shina nene la ardhini. Ukivuta majani tu, itachipua. Kukata maua hakusaidii pia, maana chini ya majani kuna vimaua visivyofunguka kabisa vinavyotunga mbegu bila nyuki.

Wadogo zangu mnaokuja huku, mkipanga nyumba yenye uwanja, someni mkataba unasema nani anagharamia bustani. Akija mtu wa chokaa, mwombe karatasi ya maabara yenye pH, yaani kipimo cha asidi, na kiasi cha chokaa kinachotakiwa. Hana? Msisaini.