Nilivyopima joto la wasafiri Kilambo bila kuwatenga wazima

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na muda si mrefu nikapangiwa Kilambo, Mtwara, kuwapima wanaovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Maelekezo yalikuwa mepesi mno: mpime kila abiria anapokanyaga nchi kavu, na anayefika nyuzi 38 atengwe mara moja.

Aliyeyaandika hakuwahi kusimama pale saa saba mchana. Abiria wamevuka kichwa wazi, jua la utosi, na kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso husoma joto la ngozi tu, kwa hiyo mtumbwi mzima ulikuwa na homa, kuanzia mpiga kasia hadi mama mwenye kapu la dagaa. Nikahamishia upimaji chini ya mkorosho. Wasafiri walinawa kwa sabuni na maji tiririka, wakakaa benchi kwa kuachiana nafasi na kujaza fomu. Baada ya nusu saa hivi, jasho likiwa limekauka, ndipo nilipowapima. Wengi walirudi kwenye 36. Aliyebaki juu nilimrudia kwa kipimajoto cha kwapani, na huyo ndiye niliyemtenga. Kifaa nacho kikae kivulini, maana kikipata jua hudanganya vilevile.

Mkubwa mmoja alikuja kulalamika kwamba nachelewesha watu. Alikuwa ametembea kutoka ukingoni bila kofia. Nikamwambia, “Shikamoo mkuu, naomba nikupime na wewe.” Kikasoma 38 na ushee. Alikwenda kukaa benchi bila kuambiwa.

Gharama haikuzidi elfu hamsini, nyingi ikiwa nauli ya bodaboda iliyobeba ndoo ya koki.

Hata hivyo, kipimajoto hakimnasi aliyeambukizwa ambaye hajaanza kuumwa, na dalili zaweza kuchelewa hadi siku 14. Ndiyo maana niliithamini zaidi namba ya simu kwenye fomu, ya kumfuatilia msafiri baadaye. Kila namba niliipiga papo hapo: isipoita mfukoni mwa mwenyewe, tunaandika upya. Wenye laini za Msumbiji walinipa na namba ya mwenyeji wao. Badala ya anwani niliuliza, “Unafikia kwa nani, na mwenyekiti wa kitongoji ni nani?” Wamakonde wana ndugu ng’ambo zote mbili, na hilo walilijibu bila kusita.