Nukta nyekundu au darubini ndogo kwenye bunduki ya mbogo

Msimu wa uwindaji wa kitalii hapa Tanzania hufunguliwa Julai, na wageni wanaoingia kwenye vitalu vya miombo huko magharibi huja na bunduki zilizofungwa ama kilengeo cha nukta nyekundu, ama darubini ndogo inayoanzia ukuzaji wa mara 1 na kuishia mara 4, 6 au 8. Vijana wanaojifunza kazi ya uwindaji bingwa, yaani ya kumwongoza mgeni mawindoni, huniuliza kipi ni bora. Kwa mtu mwenye bunduki moja, atakayeitumia kwa mbogo porini na kwa pofu, yule swala mkubwa, kwenye uwanda wa wazi, mimi husema anunue darubini ya mara 1 hadi 6, ilimradi awe mtu wa kuirudisha kwenye 1 kila anapoanza kutembea.

Nukta nyekundu ina sifa zake, na si ndogo. Ndani yake mna taa ndogo sana ambayo mwanga wake huakisiwa na kioo kilichopinda na kurudi kwenye jicho, hivyo mlengaji huiona nukta kana kwamba iko kule kule aliko mnyama, naye hulenga akiwa amefumbua macho yote mawili. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kilengeo cha kwanza cha kielektroniki cha aina hii mwaka 1975, na hadi leo wawindaji wa kwao hukitumia kwa nguruwe mwitu wanaokimbia. Kwa mbogo, faida kubwa ni kwamba jicho halilazimiki kukaa umbali maalumu. Bunduki ya .375 H&H, iliyoingia sokoni mwaka 1912 na ambayo bado ndiyo kaliba ya kawaida kwa mnyama huyu, hurudi nyuma kwa nguvu; darubini huhitaji jicho likae kama sentimita 9 kutoka kwenye lenzi, na anayefyatua akiwa amejikunja vibaya mlimani huondoka na jeraha la nusu duara juu ya nyusi.

Hata hivyo, nukta haikuzi chochote. Wengi hulalamikia ukubwa wake, ilhali nukta ya moa 2 (moa ni kipimo cha pembe ndogo sana) hufunika takriban sentimita 6 tu kwa mita 100, na bega la mbogo ni pana kuliko hapo mara nyingi. Shida iko kwenye vijiti. Dume mzee amesimama mita 70, mbele yake kuna tawi lenye unene wa kidole gumba na nyuma yake jike amejibanza. Kwa jicho tupu tawi hilo halionekani, nalo linatosha kupotosha risasi. Ukikuza mara 4 unaliona, na unaona pia mgongo wa jike. Mnyama aliyejeruhiwa hulipiwa kama aliyeuawa, kwa hiyo kosa hilo lina bei yake. (Kumtambua mnyama ni kazi ya darubini ya mkononi. Anayenyanyua bunduki ili achungulie nani anapita kichakani simruhusu kutembea nyuma yangu.)

Mwanga wa jioni nao huamua mengi. Ukigawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa mwanga unaolifikia jicho: milimita 24 kwa 6 ni 4, kwa 4 ni 6. Ndiyo maana anayemngoja chui kwenye chambo, jua likikaribia kuzama, hupata picha angavu zaidi akipunguza ukuzaji. Mwenye nukta nyekundu hapo lazima ashushe ukali wake, la sivyo mng'ao utamfunika chui mwenyewe. Betri isiwe hoja kubwa, kwa sababu vilengeo vizuri hukaa vimewashwa miaka kadhaa kwa betri moja, ingawa ikizimika unabaki na kioo kitupu, wakati msalaba uliochongwa kwenye lenzi ya darubini hubaki palepale.

Mbogo akijeruhiwa na kuingia kichakani, hesabu hubadilika. Darubini iliyosahauliwa kwenye 6 huonyesha manyoya meusi tu kwa hatua kumi, na hata kwenye 1 bado kichwa kinapaswa kukaa mahali pake. Kwa hiyo bunduki ya mwindaji bingwa mwenyewe, ambayo kazi yake ni kumzuia mnyama anayekuja, naifungia nukta nyekundu bila ubishi. Ina uzito wa gramu mia moja hivi, ilhali darubini na pete zake huzidi nusu kilo.

Kabla ya kulipa, angalia macho yako. Mtu mwenye astigimatizimu, yaani kasoro ya mpindo wa jicho, huiona nukta kama nyota iliyochanika. Ipige picha kwa simu kupitia kioo: ikitoka ya duara pichani, kasoro iko kwenye jicho, na miwani ikishindwa kuirekebisha, chukua darubini. Fedha inayobaki itie kwenye vishikizo vinavyofunguka kwa mkono, ili darubini itoke haraka vilengeo vya chuma vinapohitajika. Ukifika kambini baada ya kutikiswa na Land Cruiser siku nzima, piga karatasi kwa mita 50, ifungue darubini, ifunge tena, kisha piga tena. Risasi zikihama, vishikizo hivyo virudishe dukani.