Kurasa 16 na kandambili moja

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Juni hapa Chamwino inatafuna masikio. Najifunga shuka na kuwasha kompyuta niliyoichaji jana kwa sola. Leo jarida letu la kijiji linachapwa, nakala 150. Halimlipi mtu. Kila mmoja hutoa alichonacho, na mimi nina kompyuta.

Saa 12. Bibi mmoja ametuma ujumbe wa sauti wa dakika tisa kuhusu walivyokuwa wakiamia uwele usiliwe na kwelea kwelea. Nusu Kiswahili, nusu Kigogo. Nasikiliza, narudisha, naandika. Maneno ya Kigogo nayaacha yalivyo, maana ukimnyoosha sana bibi anaanza kuongea kama tangazo la halmashauri.

Saa 2 asubuhi. Makala ya sumukuvu, sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu. Si jambo la kupuuza huku: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Afisa ugani ameandika kwamba unyevu wa mahindi ya kuhifadhi usizidi asilimia 13.5. Sawa, lakini kipimo anacho nani? Nampigia.

"Kaka, pole na kazi. Asiye na kipimo afanyeje?"

Anacheka, kisha ananipa ya chupa. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Hiyo naiweka ukurasa wa 7, herufi kubwa.

Saa 3. Kurasa zimefika 17. Balaa. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa inabeba kurasa nne, kwa hiyo baada ya 16 inakuja 20, na hela ya 20 hatuna. Tanzia haiguswi. Shairi la mwalimu nikiliondoa atanuna hadi mvua za Desemba. Naondoa makala yangu ya bei ya alizeti.

Saa 5. Bodaboda hadi Buigiri, halafu gari la mjini, flashi mfukoni.

Saa 6 mchana. Nafika steshenari, duka la kuchapa, umeme hakuna. Nakaa kwenye benchi na wanafunzi wa chuo wenye ripoti zao. Unarudi saa 8 kasoro. Karatasi za kwanza zinatoka, nageuza: nyuma maandishi yako kichwa chini! Kosa langu, sikumwambia kijana ageuze kwa upande mfupi. Kumi zimekwenda na maji. Tunaanza upya, naye kila karatasi namkagulia: kurasa zinazokaa ubavu kwa ubavu lazima zijumlishe 17. Moja na 16, mbili na 15. Karatasi 600 zinamaliza rimu na kuingia ya pili.

Saa 11 jioni. Darasani, watu sita. "Mbukwenyi!" nawasalimu kwa Kigogo. Kazi inaanza. Mkunjo tunaukandamiza kwa mgongo wa kijiko. Stepla yetu ni fupi, haifiki katikati, kwa hiyo tunaifungua, tunaweka kandambili chini ya karatasi, tunagonga, kisha pini tunazikunja kwa kucha. Mwezi Machi nilichanika kidole, lile toleo lina damu yangu.

Saa 1 usiku imekaribia. Mama anayeuza maandazi kasimamisha kijiko, anasoma ukurasa wa 7.

"Mwanangu, hii chumvi ni ya unga au ya mawe?"

Sikuandika. "Ya unga, mama. Iwe kavu."

Anaondoka bila kuaga. Anarudi na chupa, mahindi yake ya juzi na chumvi ya jikoni. Anatikisa, wote tumeacha kazi. Tunangoja. Anainua chupa kwenye mwanga wa simu: kioo cheupe kote.

"Nimeshafunga magunia manne," anasema, na huyo anatoka, wawili nyuma yake kwenda kumsaidia kuyafungua.

Nakala 60 hazijagongwa. Navuta kandambili.