Birika la Saint-Ouen

Jumamosi asubuhi tulishuka Porte de Clignancourt, mwisho wa metro namba 4, tukatembea hadi Saint-Ouen, kwenye soko la vitu vikuukuu ambalo Wafaransa huliita soko la viroboto. Mwenyeji wangu, dada wa Bukavu aliyeishi Paris miaka mingi, alinionya mapema: "Ukipenda kitu, macho yako yasiseme."

Yalisema. Lilikuwa birika la shaba, limebonyea ubavuni. Mzee muuzaji akataja euro 40, dada akataja 15. Walivutana, tukaondoka, tukaitwa, wakakutana 22. Nilipolipa, mzee akatumbukiza kijiko ndani ya birika: "Par-dessus le marché!" Nyongeza, kama ile nyanya moja ya ziada pale Kariakoo. Lakini kwa hesabu yangu maneno yale yalikuwa "juu ya soko". Kijiko juu ya soko?

"Hapana soko, ndugu yangu," dada akasema. "Hapo marché ni mapatano."

Ndipo bon marché, neno la Mfaransa kwa kitu cha bei nafuu, liliponifungukia. Tangu nianze kusoma Kifaransa nililichukulia kuwa "soko zuri". Asili ya marché ni mercatus ya Kilatini, yaani biashara, na tangu zamani neno hilo limebeba pia makubaliano ya muuzaji na mnunuzi. Kununua à bon marché ni kununua kwa mapatano mema. Ile à ikadondoka njiani, ndiyo maana viatu vya bei rahisi, hata viwe jozi mia, ni chaussures bon marché, bila s ya wingi. Sisi tunaosema "tupatane bei" neno hili ni la nyumbani kabisa.

Mchana tukabadilisha metro Odéon, tukashuka Sèvres-Babylone, kwenye duka kubwa la Le Bon Marché. Aristide Boucicaut aliingia ubia hapo mwaka 1852, akaweka bei moja kwa wote, imeandikwa wazi, akaridhika na faida ndogo kwa mauzo mengi. Kwa mgeni asiyejua bei, hiyo ilikuwa fadhila kubwa, nami naiheshimu. Ila mapatano yaliyomo ndani ya jina yalikomea mlangoni.

Siku hizi ni duka la matajiri. Nilipita kati ya mikoba na manukato, birika kwapani, kijiko kikilia ndani yake kila hatua, na sikuona mtu wa kumwambia "punguza kidogo, mzee wangu".